Foto ya majani mubaya kwenye ukurasa wa mbele

Kwa toleo hili tumeweka mbele foto ya alizeti ya pori, yale maua ya manjano yanayojaa kando ya barabara za Kabare na Walungu. Maagronomu wanaiita tithonia. Kabla hata karatasi haijatoka, wanachama wengine walishatukasirikia: "Koperative inaonyesha kahawa, inaonyesha mahindi. Ninyi munatuonyesha majani mubaya?"

Tunawaelewa. Kila mmoja wetu ameshaing'oa kwa jembe katikati ya maharagi, na ukiiachilia mwaka mmoja inakula mupaka mzima. Lakini foto tutaiacha pale pale.

Iliipiga telefone ndogo ya mama mmoja mwanachama, kioo kimepasuka. Alienda asubuhi mapema, mvua ya usiku ikiwa bado kwenye majani. Alikuwa ameshajaribu saa sita, lakini kwa jua lile ua lote lilitoka jeupe. Safari hii akachutama chini kabisa, ua likabaki juu yake na mbingu nyuma. Vijana waliokuwa wanapita wakacheka: "Mama, unapiga foto ya majani?" Tulipoikuza ile foto, kumbe katikati ya ua si kitu kimoja. Ni vijiua vidogo vidogo vingi, vimebanana, na nyuki mmoja ameingiza kichwa ndani, miguu imejaa unga wa manjano. Tumepita pale miaka yote, hatujawahi kuona.

Na mmea huu haukuzaliwa kwetu. Ulitoka Meksiko na Amerika ya Kati, watu wakauleta Afrika kama ua la bustani, kwa ajili ya uzuri wake tu. Uliporuka ua wa nyumba na kuingia shambani, ndipo ukapewa jina baya.

Wengine wanatuambia: kama munataka kuusifu, semeni mbolea. Sawa. Katika kilo 100 za majani yake yaliyokauka muna karibu kilo 3 na nusu za azoti na kilo 4 hivi za potasi, na yakifukiwa mabichi yanaoza haraka. Udongo wetu uliochoka unahitaji hivyo. Lakini majani mabichi ni maji mengi, na ile mizigo inapanda kilima kwenye mugongo wa bamama. Hilo nalo tuliseme tunapohesabu faida.

Hapa ndipo tunabishana hata sisi wenyewe. Mbolea inataka tukate mmea ungali laini, na foto inataka tungoje uchanue. Ukingoja sana, mbegu zinaanguka na jirani yako anakulaumu, naye ana haki. Sisi tunaona hivi: shambani kata mapema, usihurumie. Kwenye ukingo wa kuzuia mmomonyoko, acha mashina machache yachanue, nyuki wapate chakula, kisha uyakate maua yanapoanza kunyauka, mbegu hazijakomaa. Anayeenda kupiga foto kila asubuhi ataijua siku hiyo kuliko sisi tunaopita tukitazama njia.

Kwa toleo lijalo, mutuletee foto za majani yenu mabaya: moja ya ua kwa karibu, moja ya jani, moja ya mmea mzima na jembe pembeni ili tujue urefu. Agronomu atatusaidia kuyatambua. Mama yetu ameshaomba kopi yake. Anataka kuibandika sebuleni, karibu na kalenda.