Themostati haingoji ruhusa yako

Mwandishi wa safu ya magari ameshauri kwamba themostati isiguswe mpaka iharibike, na kwamba kwenye joto letu hata kuing'oa kabisa ni sawa. Ushauri huo utawaunguzia watu injini.

Ndani ya themostati mna nta inayotanuka kwa joto na kusukuma vali, maji yapite kwenda kwenye rejeta. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au 88. Nta na springi huchoka kwa miaka, na vali ikikwama imefungwa, mshale wa joto hupanda kwa dakika chache tu. Ikutokee ukipanda mlima Kitonga na mzigo, nyuma yako malori: gasketi imeungua, hedi ya alumini imepinda. Hapo unalipia kufungua injini nzima kwa sababu ya kifaa kidogo ambacho kingebadilishwa siku ile ile ya kumwaga kulanti.

Kuing'oa ndiko kubaya zaidi. Kwenye injini nyingi, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Iondoe, na sehemu ya maji itarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari litachemsha mlimani. Kwenye nyingine injini hubaki baridi, ikila mafuta na silinda zikilika.

Nakubaliana naye kwa moja: themostati bandia mpya ni hatari kuliko halisi kuukuu. Basi nunua halisi, yenye nyuzi alizopanga mtengenezaji, na ubadilishe na mpira wake.