Ukuta wa Nyuma ya Jiko

Mwezi huu tuangalie mahali tunapopasahau tunapopanga nyumba: ule ukuta wa nyuma ya jiko, unaorukiwa na mafuta kila tunapokaanga samaki.

Mimi nilijifunza kwa hofu. Ukuta wangu ulikuwa umejaa masizi, nikawaonea haya wageni, nikanunua kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua na kukipigilia misumari pale. Kilipendeza kweli. Siku moja nakaanga maandazi, mtoto akaniita uani. Niliporudi, kona ya kitambaa ilikuwa inawaka, plastiki inadondoka matone ya moto. Nilifunga gesi, nikakivuta chini kwa mwiko na kukikanyaga. Mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Tangu siku hiyo plastiki, karatasi za kubandika na mapazia, hata ziwe nzuri namna gani, sizitaki karibu na moto.

Kama fedha ni kidogo, mwambie fundi apige lipu na niru laini, kisha usubiri kama mwezi mmoja ukuta ukauke ndipo upake rangi ya mafuta. Ukiharakisha, rangi itavimba na kubanduka. Na ukuta ukiwa na rangi ya mafuta ya zamani, usiukwangue mkavu watoto wakiwapo. Nyingi za rangi hizo zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili ya mtoto. Ulowanishe kwanza, watoto waende kwa jirani.

Lakini kinachodumu ni vigae vya kung'aa. Baba watoto akishtuka kusikia vigae, mwonyeshe hesabu. Huhitaji jiko zima. Mita moja na nusu kwa upana na sentimita 60 kwenda juu zinatosha. Kwa vigae vya sentimita 20 kwa 20, hapo vinaingia 23. Nunua 26, maana fundi atavunja (wangu alivunja viwili kabla ya chai).

Rangi nyeupe huonyesha uchafu, na ndiyo sababu naipenda. Tatizo ni viungio: saruji nyeupe inayojazwa katikati hunywa mafuta na kugeuka kahawia. Chagua ya kijivu, au vigae vikubwa zaidi ili viungio vipungue.

Marumaru halisi ya mawe msiionee wivu. Ndimu, siki na ukwaju huila, ikabaki na madoa yasiyotoka. Sisi na ukwaju wetu tutaiweza wapi?

Futa kila jioni kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye sabuni, jiko likishapoa. Vigae vilivyobaki usimpe mtu. Viweke uvunguni, kwani kimoja kikipasuka mwakani, dukani hutapata rangi ile ile.