Barbados Haitaki Visa, Kizuizi Kiko Hapa Nyumbani



Vijana wa Majengo, Shauri Moyo, Eastleigh, Kariobangi, Dandora mpaka Kayole, hii ni yenu. Isomeni mpaka mwisho.

Juzi kwenye base kijana mmoja aliuliza, "Eti ni kweli Mkenya anaweza kuingia Jamaica bila visa?" Wasee wakaangua kicheko. Wakadhani anaota mchana. Lakini kijana alikuwa sawa. Mwenye pasipoti ya Kenya anaingia Jamaica bila visa. Anaingia Barbados bila visa. Dominica pia. Hata Haiti. Kule mlangoni afisa atataka pasipoti ambayo haijakaribia kuisha, tiketi ya kurudi, anwani ya mahali utakapolala, dalili kwamba una pesa za kujikimu, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa sababu unatoka upande huu wa dunia. Basi. Hakuna atakayekuuliza babu yako alizaliwa kijiji gani, wala nyanya yako alizikwa wapi.

Maswali hayo utaulizwa hapa Nairobi. Na utayaulizwa kabla hujafikiria ndege, kabla hujaona hata jalada la pasipoti.

Nitawaeleza kisa kimoja. Jina silitaji kwa sababu ni dada yetu na ana stara yake. Amezaliwa Pumwani, amesoma Pumwani, na mamake anauza mahamri na viazi karai mtaani hapo hapo. Alitimiza miaka 18 mwaka 2019 na akaenda kuomba kitambulisho kama wenzake. Wale aliomaliza nao shule wenye majina ya Kamau na Otieno walipeleka karatasi, wakapigwa picha, wakaambiwa warudi baada ya wiki kadhaa, na wakapata. Yeye akaambiwa, "Wewe subiri siku ya kamati." Siku ya kamati ikafika, akaulizwa kitambulisho cha baba. Akatoa. Akaulizwa cha babu. Babu alifariki zamani. Akaulizwa hati ya shamba la ukoo. Shamba gani? Pumwani kuna shamba? Akaambiwa, "Nenda ukajipange." Na kila mtoto wa Eastlands anajua kujipanga maana yake ni nini.

Hakuwa na cha kujipanga nacho. Akarudi mwaka uliofuata. Akarudi tena.

Mwaka 2024 kikundi chake cha vijana cha kupanda miti na kuokota plastiki kilialikwa mkutano wa vijana Bridgetown, Barbados, kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi. Tiketi ilikuwa imelipwa na malazi pia. Nafasi zilikuwa mbili na yeye ndiye aliyeandika lile ombi lililowafanya waalikwe. Mwenzake akaingia eCitizen, akajaza fomu, akalipa zile ada za pasipoti zinazozidi shilingi 7,000, akaenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, akapata. Dada yetu fomu ilimshinda kwenye kisanduku cha kwanza kabisa: nambari ya kitambulisho. Huna nambari, huendi kisanduku cha pili.

Nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Yeye siku ya safari alikuwa jikoni na mamake, anakaanga viazi.

Sasa linganisheni. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo wa 2024, polisi wa Kenya wa kundi la kwanza, kama 400, walitua Port-au-Prince, Haiti. Serikali iliposema lazima Wakenya wafike Caribbean, njia ilipatikana. Kesi mahakamani haikuwazuia, umbali haukuwazuia. Mwenye bunduki alifika Caribbean. Mwenye miche ya miti alikwama kwa sababu babu yake hakuacha karatasi.

Mwaka uliofuata, Julai 2025, Kenya ikalegeza mlango wake zaidi. Raia wa nchi za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, na wa nchi nyingi za Caribbean, wakaondolewa hata ule usumbufu wa kuomba kibali cha mtandaoni na kulipa dola 30 kabla ya kusafiri. Sisi hatupingi hilo. Karibuni sana, ndugu zetu wa Kingston na Bridgetown, babu zenu walichukuliwa bara hili kwa minyororo, mnastahili kurudi kwa miguu yenu bila kuulizwa. Lakini wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni ameshafika. Mwenyeji mbona hajapona? Mbona mtu wa Jamaica anapita JKIA kwa urahisi kuliko mtoto wa Majengo anavyopita mlango wa chifu?

Na hiyo "isipokuwa Somalia" msiipite haraka. Eastleigh kuna familia ambazo nusu iko huku na nusu iko ng'ambo ya mpaka. Shangazi anayetaka kuja harusini bado analipa na kusubiri. Anahesabiwa mshukiwa kabla hajapanda ndege.

Tuongee historia kidogo, maana wanaopenda kutuuliza historia ya babu zetu wenyewe hawaijui.

Tunasema "toa kipande" kila karao akitusimamisha. Kipande kilitoka wapi? Mkoloni alitunga sheria mwaka 1915, na vita vilipoisha akaanza kuitekeleza. Mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma ili mzungu ajue anatoka wapi, anamfanyia nani kazi, na kama ana ruhusa ya kuwa mjini. Kazi ya kipande ilikuwa kumzuia mtu kutembea. Sasa angalia leo kipande kinafanya kazi gani kwa dada yetu.

Pumwani yenyewe mkoloni aliipanga mapema miaka ya 1920 kukusanya Waafrika wa vijiji vya mjini, wengi wao Waislamu. Waliruhusiwa kujenga nyumba za udongo, lakini ardhi ilibaki ya serikali. Kwa hivyo kamati inapomuuliza mjukuu wa Pumwani hati ya shamba, inamuuliza karatasi ambayo serikali yenyewe ilimnyima babu yake. Unamnyang'anya mtu viatu, halafu unamshtaki kwa kutembea pekupeku.

Mwaka 1989 serikali ya Moi iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wajitokeze wakaguliwe upya. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kuwa ni Wakenya, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Hakuna kabila lingine lililofanyiwa hivyo. Ndugu zetu Wanubi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama wanajeshi, walipeleka malalamiko yao mpaka kwenye vyombo vya Umoja wa Afrika. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa haki za watoto ikasema Kenya imewabagua watoto wa Kinubi. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaona Kenya ina makosa. Hayo hayakusemwa na wanaharakati wa mtandaoni. Yalisemwa na vyombo ambavyo Kenya yenyewe ilivikubali kwa kutia sahihi.

Mtu atasema, "Lakini Rais alishafuta msasa huo." Kweli. Februari 2025 Rais Ruto alikuwa Wajir na akatia sahihi tamko la kuondoa msasa wa ziada kwa vitambulisho. Tunashukuru, na hatutajifanya hatukusikia. Lakini fikirini mambo mawili. Kwanza, kufuta ni kukiri. Kama msasa ulikuwa haki, ulifutwa kwa nini? Na kama ulikuwa dhuluma, nani atawalipa waliokaa miaka mitano bila akaunti ya benki, bila M-Pesa kwa jina lao, bila kura, bila kazi ya kuandikwa? Pili, tamko ni neno la mtu. Aliyetangaza anaweza kutangua, na atakayekuja baada yake anaweza kulitupa. Tunataka iandikwe kwenye sheria ya usajili wa watu: masharti ni yale yale kwa kila Mkenya, jina lake liwe Wanjiku au Halima. Na wale ambao fomu zao zilikataliwa zamani waitwe warudi, wasiachwe waanze kuhangaika upya.

Kisha kuna hoja ya usalama. Hii tuijibu kwa heshima, maana watu walikufa, na wengine ni wetu. Wanatuambia msasa unazuia magaidi. Haya. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa. Mmoja wa washambulizi alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Mtoto wa chifu! Ofisi ile ile ambayo dada yetu anaambiwa ndiyo itakayothibitisha kuwa yeye si hatari. Mhalifu mwenye pesa hapangi laini ya kamati, ananunua karatasi jioni na kusafiri asubuhi. Anayebaki kwenye laini ni mnyonge asiye na cha kutoa. Na Aprili 2014, wakati wa msako wa Usalama Watch, watu wetu walizolewa Eastleigh kwa maelfu, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na waliokuwa na vitambulisho wakaambiwa huenda ni bandia. Ukikosa kipande una makosa. Ukiwa nacho pia una makosa. Hapo usalama uko wapi?

Tusidanganyane pia kuhusu safari yenyewe. Ukishapata pasipoti, Barbados haijawa jirani. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Ukipitia London, Mkenya anadaiwa visa ya kupita tu, hata kama hutoki nje ya uwanja. Ukipitia Marekani ni lazima uwe na visa yao, hata kama utakaa saa mbili ukisubiri ndege nyingine. Mlango wa Barbados uko wazi lakini ukumbi wa kuufikia una wenyewe. Hiyo nayo ni dhuluma, na ni vizuri kuijua kabla hujampa broka pesa zako. Yeyote anayekuuzia "visa ya Barbados" mtaani anakuuzia kitu ambacho hakihitajiki. Mkimbie. Lakini London si serikali yangu, sikuipigia kura. Hii ya Nairobi ni yangu, inakula ushuru wa mahamri ya mama yangu. Ndiyo nitaanza nayo.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Kwenye kamati hizo walikaa wazee wetu, wa msikiti wetu, wanaotujua tangu tukiwa watoto wa madrasa. Baadhi yao walisema ukweli na kuwasimamia vijana, Mungu awalipe. Wengine walikaa kimya, na wengine walikunywa chai ya mjane. Mzee akiuza ushahidi wake, hana haki ya kulia kwamba serikali inatubagua. Na kijana anayenunua kipande cha bandia anawapa maadui zetu ushahidi wa bure.

Sasa, tufanye nini? Katiba iko upande wetu, tuitumie. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya pasipoti na hati za utambulisho. Cha 27 kinakataza kubagua kwa dini au kabila. Cha 39 kinampa kila mtu haki ya kutoka nje ya nchi. Na cha 47 ndicho silaha ambayo wengi hawaijui: uamuzi wa ofisi ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Kwa hivyo ukikataliwa, usiondoke na "njoo kesho". Omba barua. Wakikataa kuandika, wewe andika: tarehe, ofisi, jina la afisa, maneno aliyokwambia. Peleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ya Ombudsman. Huhitaji wakili na hulipi chochote. Weka nakala ya kila kitu, hata karatasi iliyochanika. Usiende peke yako, nendeni watano au kumi, kwa adabu, bila matusi, bila kumpa mtu sababu ya kuwafukuza. Wenye vitambulisho msiseme hayawahusu. Simama laini na jirani yako.

Dada yetu bado yuko Pumwani. Miti aliyopanda kando ya mto Nairobi imemzidi urefu. Safari hii akirudi ofisini hataenda na mamake tu. Tumeshakubaliana tutakuwa wangapi.

Kama una fomu iliyokataliwa, tuandikie ukumbini kwa faragha, usiweke nambari zako hadharani. Kama huna, msambazie aliye nayo.

Wassalaam.