Kabla Hujakata Springi

Kila Ijumaa jioni, pale nyuma ya ukumbi wa mihadhara, wenzetu wenye magari hujipanga. Hawazidi saba. Utakuta Altezza mbili, Subaru moja yenye eksozi ya kuamsha wafu, IST iliyoshushwa mpaka hupitishi kandambili chini yake, na Mark II ya GX100 ambayo mwenyewe anaiita gari ya misuli, eti ndiyo Mustang ya mtoto wa maskini. Silinda sita, inasukuma kwa nyuma, basi hapo hasikii la mtu. Sisi wa daladala tunasimama pembeni kuangalia, na sikatai, raha tunaipata.

Wiki iliyopita nilimsikia mwenye GX100 akiwaambia wenzake kwamba ataipeleka gereji wakate mzunguko mmoja wa springi kila pembe, ili gari ilale chini na ishike kona. Wakampigia makofi. Mimi nikanyamaza. Kunyamaza kule kumenikera wiki nzima, maana maneno yale yale niliwahi kuyasema mimi, nyumbani Mgogoni, na yalisikilizwa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi. Nimerudi Pemba likizo, kichwa kimejaa video za magari ya mashindano na mlinganyo mmoja wa springi. Mtoto wa ami yangu alikuwa amerejea kutoka Muscat na vijisenti vyake, kanunua GX100 iliyotumika. Akanitazama mimi, msomi wa ukoo, akaniuliza: "Ndugu yangu, gari hii nifanyeje ikae vizuri barabarani?" Nikamjibu bila kupepesa jicho: kata springi, ikiwa chini haiyumbi.

Tulikwenda kwa mzee mmoja fundi, anayejulikana zaidi kwa kutengeneza gari za mbao zinazobeba abiria na mizigo. Mzee hakuishika grainda. Alikwenda pembe ya mbele, akaikandamiza boneti kwa mikono miwili, akaachia. Gari ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena. "Hii yacheza dansi," akasema. "Shokapu zimekufa." Akaingiza mtalimbo kwenye mkono wa chini, akautikisa, bushi ikalia kwek-kwek. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe wataka kumkata miguu mgonjwa wa magoti."

Nilicheka. Nikamwambia mtoto wa ami kwamba mzee huyu ni wa zama za mabamba ya chuma, hajui gari za kisasa. Springi tukazikata wenyewe, uani, kwa grainda ya kuazima.

Sasa nieleze tulichokifanya hasa, kwa sababu ndicho anachotaka kukifanya mwenzetu. Springi ya mzunguko ukiipunguza mizunguko, inakuwa ngumu zaidi. Ikiwa ina mizunguko 6 inayofanya kazi na ukakata mmoja, ugumu wake unaongezeka kwa asilimia 20. Hapo mtu atasema, si ndiyo vizuri? Ingekuwa vizuri kama shokapu nayo ingebadilishwa ilingane nayo. Springi ndiyo inayobeba gari, ila kutulia ni kazi ya shokapu. Springi ngumu juu ya shokapu iliyokufa inarusha gari kama mpira wa tenisi. Juu ya hapo, umeshaila ile nafasi ya mguu kupanda kabla haujagonga mpira wa kuzuia. Gari tupu huoni kitu. Pakia watu watatu na gunia, imeshakaa juu ya ule mpira, na kuanzia hapo kila shimo unalipokea bila springi. Tairi linaruka. Tairi lililo hewani halishiki kona yoyote, hata uwe na injini ya ndege.

Na Pemba si tambarare. Vilima na mabonde, barabara inateremka ikipinda, chini kuna mpunga. Ilikuwa msimu wa karafuu, mvua za vuli zimeanza. Mtoto wa ami yumo na mkewe, na shangazi yetu nyuma, na karafuu kwenye buti. Kwenye mteremko mmoja wenye kalvati katikati ya kona, tairi la nyuma likapiga mdomo wa kalvati, gari ikaruka mkia, ikaingia bondeni ubavu. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Shangazi alivunjika mfupa wa bega, na mpaka leo gari ndogo hapandi, anangoja ile ya mbao. Hakuna aliyenilaumu. Wallahi ingekuwa nafuu wangenilaumu.

Ngoja niweke hesabu moja, maana hiki ni chuo. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Kwa kilomita 60 kwa saa, matairi yanatakiwa yashike kwa nguvu inayofikia kama asilimia 57 ya uzito wa gari. Ongeza mwendo mpaka 80, inakaribia asilimia 100. Yaani kilomita 20 tu zimekaribia kuuzidisha mzigo mara mbili. Tairi la kawaida kwenye lami kavu hapo linaomba dua, na kwenye lami yenye maji limeshakuaga. Kazi yote ya miguu ya gari, uite suspensheni ukipenda, ni kuhakikisha matairi manne yanaendelea kugusa ardhi wakati huo.

Wenye mapenzi na Mustang naomba wasome historia yake vizuri. Mustang za kwanza, za miaka ya 1960, nyuma zilikuwa na ekseli nzima iliyokaa juu ya springi za mabamba, mpango ule ule wa gari ya mbao ya Mgogoni. Ukikanyaga mafuta ghafla, yale mabamba yanajikunja, ekseli inajipinda, tairi linarukaruka. Mwaka 1965 Carroll Shelby alipoichukua gari hiyo na kuitengeneza GT350 kwa ajili ya mashindano, injini aliiongezea nguvu, kweli. Lakini miguu nayo ilishughulikiwa: stablaiza nene mbele, shokapu za Koni, vyuma vya kuizuia ekseli isijipinde, na kile ninachokipenda kuliko vyote, mikono ya juu ya mbele ilihamishwa chini kwa inchi 1. Matundu mapya tu yalitobolewa. Inchi ile moja ilibadilisha namna tairi linavyolala gari inapoinama kwenye kona. Ilipimwa kwanza ndipo ikatobolewa. Sisi uani kwetu tulikata kwanza, na kupima hatukupima.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na matope haya haya tunayoyajua. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kwenye mbio, gari ya mkono wa pili kama zetu. Kwenye mbio za namna ile gari yenye nguvu iliyovunjika mguu haina faida kuliko baiskeli.

Nisionekane nawaandama wanaoshusha peke yao. Wanaopandisha nao, tena ndio wengi zaidi nchini, wana lao. Gari ya Japani inafika ikiwa fupi, barabara zina matuta kama ngamia, mtu anakwenda kuweka spesa. Namwelewa, bampa nalo ni pesa. Lakini spesa ya mpira ikibanwa katikati ya mizunguko ya springi, ile mizunguko haifanyi kazi tena, springi imekuwa ngumu bila wewe kujua. Ya chuma inayowekwa juu ya shokapu inaupeleka mguu wote chini, na boljointi na shafti zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Halafu gari imepanda, uzito wake umepanda, na kwenye kona unaegemea zaidi matairi ya nje. Hapo alaimenti ni lazima, na wangapi wanaifanya?

Msimamo wangu basi ni huu. Mwenye GX100 ana haki ya kutaka gari yake ishike kona, na mimi ningependa kuiona ikifanya hivyo kwenye uwanja uliofungwa, si barabara ya kwenda madarasani. Aanze na bushi na boljointi. Atazame matairi na upepo wake. Kisha alaimenti, kisha shokapu nzima. Akifika hapo atashangaa, pengine asitake tena kukata kitu. Akitaka kushusha bado, anunue springi zilizotengenezwa fupi pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Ni ghali, ndiyo. Kama hela haitoshi, gari ibaki na urefu wake.

Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi nina ombi moja. Karakana ya chuo inafungwa saa kumi jioni, na mizani iliyomo ndani inakusanya vumbi. Ombeni ifunguliwe jioni moja kwa wiki, msimamizi awepo. Tuipime gari pembe kwa pembe, imebeba watu na mizigo, kisha tuone mguu umebakiwa na sentimita ngapi kabla ya kugonga mpira wa kuzuia. Waalikwe na mafundi wa mtaani, wanaojua kusikiliza bushi kwa mtalimbo, watufundishe nasi tuwafundishe. Nimeshaandika barua, bado saini. Nitakuwa pale nyuma ya ukumbi Ijumaa hii na karatasi, na nitaanza na mwenye GX100.

Mtoto wa ami bado anayo ile gari. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kwamba amepata springi nzima Unguja, na shokapu nne mpya, ila bushi za mikono ya chini hazipatikani, nimtafutie huku. Nimezipata. Nitazibeba kwenye meli likizo ikifika, na safari hii nitazipeleka kwanza kwa yule mzee.