Mtu Akichoka Mnasema Kafulia! Hii Tabia Iishe

Jina simtaji, hapa hatuchafuani. Yupo mchekeshaji mmoja wa hapa mjini, yule wa vile vipande vya dakika moja moja, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hapitishi siku bila kuposti. Mwaka huu akakaa kimya miezi minne. Wiki iliyopita karudi na picha moja tu, kakaa chini ya mwembe kijijini kwao, kaandika neno moja: "Nilichoka."

Mkamshukia kama mwewe. "Kafulia huyo." "Gari limerudi kwa mwenyewe." "Anatafuta kiki." Halafu ikaja ile iliyogongewa laiki kuliko zote: "Kachoka na nini, kwani kabeba zege?"

Haya, tuanze na hilo la zege. Kubeba zege ni kazi ngumu, hakuna anayebisha. Lakini saa kumi na mbili jioni mbeba zege anaweka ndoo chini na zege linabaki saiti. Halimfuati kitandani kumuuliza mbona leo umebebeka na watu wachache kuliko jana. Huyu mwenzenu kazi yake iko mfukoni. Inalia usiku, inalia msibani, inalia akiwa anamnywesha mtoto uji. Akila chakula kizuri anawaza apige picha kwanza. Akigombana na mpenzi wake anawaza kama hiyo nayo ni stori. Hiyo ni kazi isiyo na saa ya kutoka, na uchovu wake hauondoki kwa kulala masaa nane.

Na msiniambie ni mambo ya kizungu. Neno lenyewe la huu uchovu wa kazi uliopitiliza liliingia kwenye maandishi ya wanasaikolojia mwaka 1974, kupitia Herbert Freudenberger wa New York. Unajua aliwaona wapi watu wa hivyo? Kwenye kliniki ya bure, miongoni mwa watu waliokuwa wanajitolea. Hao hawakuwa wavivu. Walikuwa wanaipenda kazi mpaka wakajimaliza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaeleza dalili tatu: nguvu kukuishia, kuichukia kazi yako au kuiona kama haikuhusu tena, na utendaji wako kushuka. Shirika halikuuita ugonjwa. Likasema unatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haujashughulikiwa. Kwa hiyo mtu akiungua hivyo, kabla hujamuuliza ana shida gani kichwani, uliza kazi yake imepangwaje.

Sasa nije kwa wale kaka zetu wa semina. Mnawajua, suti ya bluu, maiki ya sikioni, tiketi ya VIP bei ya kodi ya chumba. Wimbo wao ni mmoja: "Ukilala, mwenzako anakesha." "Ukipenda unachofanya, hutachoka." Uongo mtupu! Anayependa ndiye anayeungua wa kwanza, maana asiyependa saa kumi na moja jioni kashabeba begi lake.

Na ule ushauri wao mwingine, "geuza kila kipaji kiwe pesa," umetuharibia watu wengi sana. Kuna dada mmoja alikuwa anaoka keki za ndugu zake kwa raha zake, anaimba huku anakoroga unga. Wakamwambia fungua ukurasa. Leo ana oda mpaka saa tisa usiku, wateja wanamtukana rangi ya krimu haifanani na ya pichani, na kwake hakuna mtu anayekula keki tena, hata yeye mwenyewe hataki kuisikia harufu yake. Hela anapata, sikatai. Ila kile kilichokuwa kinampumzisha ndicho sasa kinachomchosha. Kila kitu ukikitia bei, utapumzikia wapi?

Hata sheria inajua binadamu siyo jenereta. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Hizo ni za mwajiriwa. Msanii, MC, mpiga picha, mpambaji, nani anawapa siku 28? Hakuna. Akijipa mwenyewe mnasema kafulia. Na hata mwajiriwa mwenyewe, bosi anaingia kwenye grupu saa nne usiku, "naomba hiyo ripoti kabla ya asubuhi," na watu wanaweka dole gumba.

Najua mtakuja na hili: kupumzika ni kwa wenye hela, sisi mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Ni kweli kabisa, na siwadanganyi kwamba kila mtu anaweza kukaa miezi minne chini ya mwembe. Ila siku moja kwa wiki bila simu ya kazi, wengi wetu tunaiweza. Kuwa na kitu kimoja unachokifanya vibaya, bila kukiposti na bila kukiuza, tunaweza. Cheza drafti, lima mchicha, imba kwaya. Mzuka haurudi kwa kulazimishwa, unarudi wenyewe ukishaona hakuna anayeudai.

Simone Biles alipojitoa kwenye fainali kadhaa za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kulinda afya yake ya akili, aliitwa mwoga. Paris 2024 akarudi akabeba dhahabu 3 na fedha 1. Lakini hata angebaki nyumbani akifuga kuku, bado alikuwa na haki ya kupumzika. Mtu halazimiki kutuletea medali ndiyo tumsamehe kwa kuchoka.

Na wewe unayesoma hapa huku hakuna kinachokufurahisha kwa wiki nyingi, hata chakula, hata watu wako, au unawaza bora usingekuwepo, hapo tumeshatoka kwenye uchovu wa kazi. Nenda hospitali leo na mwambie mtu mmoja unayemwamini. Ukiona aibu, kumbuka malaria huwa huionei aibu.

Yule mchekeshaji akirudi na kipande kipya, karibisheni. Asiporudi, alishatuchekesha miaka mitatu bure kwenye bando letu. Deni hatumdai.

Haya, uwanja ni wenu hapo chini. Ila atakayeandika "kafulia," aanze kwa kutuambia yeye mara ya mwisho alipumzika lini.