Macho Mekundu na Moshi wa Jikoni

Katika kikao cha kamati ya msikiti kabla ya mfungo, palitolewa ombi kwamba bibi mmoja mjane aondolewe katika zamu ya kupika futari. Sababu iliyotajwa ni macho yake. Nasi, kwa wadhifa wetu wa ukatibu, tuliliandika chini ya "Mengineyo", kikao kikafungwa kwa dua.

Wasomaji wa Kagongwa hawahitaji ufafanuzi. Katika ukanda huu vikongwe, wengi wao wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wekundu wa macho ukahesabiwa kuwa ushahidi. Lakini wekundu huo una historia. Enzi za ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikaongeza uharibifu, hata Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kuirejesha miti. Kuni zilipoadimika, watu walipikia samadi kavu ya ng'ombe. Ni nani aliyeinamia moshi ule maisha yake yote? Kijana akioa, husemwa amepata jiko! Babu wa rika lilelile, aliyezeeka kivulini, macho yake meupe, naye huitwa mwenye hekima.

Mwanafalsafa wa Ufaransa, Simone de Beauvoir, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alishikilia kwamba mengi yanayoitwa maumbile ya mwanamke hutengenezwa na malezi na jamii. Yapo katika falsafa hiyo tusiyoyakubali, kwani twaamini Allah ameumba mume na mke kwa hikima Yake. Hata hivyo, macho yale hayakuumbwa mekundu. Sisi ndio tuliomkabidhi jiko, kisha tukayafanya machozi ya moshi kuwa hati ya mashtaka. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetuamrisha kujiepusha na dhana. Nasi tuliiandika dhana kwa wino katika daftari la msikiti.

Juma lililopita, baada ya Alasiri, tulifuatana na mke wa imamu hadi nyumbani kwa bibi huyo. Tulimkuta akipuliza moto.

"Sogeeni huku, wajukuu zangu," alisema, "upepo unawaletea moshi."

Tulipewa uji. Kabla ya kumaliza kikombe, macho yetu yalikuwa yakitiririka. Ombi lile limerudishwa katika ajenda ya kikao kijacho, na safari hii ni namba moja.