Aliyekufa Hajatoka Kundini

Imekuwa ada katika muziki wa vijana kwamba kundi likifiwa na mwenzao hukaa kimya kwa muda, kisha hurejea na albamu. Jalada hubeba picha ya marehemu. Wimbo wa kwanza humtaja kwa jina la jukwaani, wa mwisho humwombea pumziko jema, na baina yake hupangwa nyimbo za mapenzi na majigambo ambazo marehemu hakuwahi kuzisikia. Redio hupiga, wasikilizaji hutokwa na machozi, na kauli ya jumla huwa kwamba kundi limemuenzi mwenzao.

Kauli hiyo ndiyo inayostahili kupingwa. Kumlilia mtu si kumuenzi. Kilio ni haki ya mfiwa, wala hapana awezaye kumzuia. Kuenzi ni kazi, tena kazi yenye masharti mawili: kwanza, maneno na sauti ya marehemu yaendelee kusikika kwa jina lake, pili, fungu lake liwafikie warithi wake. Albamu ya marejeo isiyotimiza masharti hayo ni tanzia iliyotiwa bei, hata kama waliyoitunga waliitunga kwa machozi ya kweli.

Mfano wa kwanza unatoka Unguja yenyewe, japo ulikamilika mbali. Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964, akafa London tarehe 24 Novemba 1991. Miezi yake ya mwisho aliitumia kurekodi sauti mjini Montreux, Uswisi, hali akijua kwamba hatakuwapo nyimbo zitakapokamilika. Wenziwe watatu wa kundi la Queen, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, walizichukua sauti hizo, wakazichanganya na nyingine za zamani, wakatoa albamu ya Made in Heaven mwezi wa Novemba 1995.

Ndani ya albamu hiyo umo wimbo uitwao Mother Love. Mercury aliimba beti za mwanzo, akaondoka studio akiwa amechoka, asirudi tena kuumaliza. Ubeti wa mwisho umeimbwa na May. Mtu asikilizaye kwa makini hulitambua badiliko la sauti, na halihitaji maelezo: aliyekuwa akiimba hayupo tena. Wenziwe wangeweza kuurekodi wimbo wote upya kwa sauti moja iliyo safi. Waliacha mshono uonekane. Humo hakuna sifa zilizorundikwa juu ya jina la marehemu, na bado ukumbusho umetimia.

Wapo walioishutumu kazi hiyo kwamba ilikuwa kukokota mabaki. Ni kweli kwamba baadhi ya nyimbo zake zilikwisha kutoka kabla. Hata wimbo ulioipa albamu jina Mercury aliutoa peke yake mwaka 1985. Ni kweli pia kwamba albamu iliuzwa sana. Lakini fedha si aibu. Aibu ni fedha iliyopatikana kwa jina la mtu na isiyogawanywa kwa haki. Tangu albamu ya The Miracle ya mwaka 1989, wanne hao walikubaliana nyimbo zao mpya ziandikwe kwa jina la kundi zima, bila kutazama nani alianza na nani alimalizia. Mapatano hayo yalifanywa wote wakiwa hai. Kifo kilipokuja kilikuta hesabu imeandikwa.

Aidha, waliobaki walipozunguka tena na waimbaji wengine, kwanza Paul Rodgers na baadaye Adam Lambert, hawakulitumia jina la Queen peke yake. Waliweka alama ya kujumlisha, kisha jina la mgeni. Alama hiyo ndogo ina maana kubwa: mgeni ameongezwa, hakukalishwa katika kiti cha mwenyewe. Wengine walikwenda mbali zaidi. Ian Curtis alipokufa mwaka 1980, wenziwe wa Joy Division huko Manchester waliliacha jina hilo kabisa, wakajiita New Order. Njia hizi mbili hazifanani, ila zote zinakubali kwamba kiti cha aliyekufa hakijawa mali ya waliobaki.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake, tena la zamani kuliko hilo. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyeinuka na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi wa Januari 1979. Baadaye zilitoka Kenya santuri zenye jina la Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Ukumbusho huo ulikuwa nini? Ulikuwa nyimbo za Mbaraka mwenyewe, kwa gitaa lake mwenyewe. Yapo mengi ya kuulizwa juu ya biashara ya santuri ya zama zile, lakini kwa jambo moja wachapaji walilenga sawa: aliyepewa nafasi ya kusema ni marehemu. Ndiyo maana kizazi kilichozaliwa baada yake kinamjua kwa mkono wake. Hakikulazimika kumjua kwa sifa za wengine.

Huenda akatokea wa kusema kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa na majina makubwa. Basi hoja na ipelekwe Nakwa, katika mji wa Babati, mkoani Manyara, baina ya watu ambao hawana kampuni ya santuri wala wakili wa muziki. Kundi la X Plastaz lilipoundwa mjini Arusha mwaka 1996, Nakwa na Babati nzima zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Manyara ulimegwa mwaka 2002. Kwa hiyo muziki huo ulikuwa wa nyumbani. Kutoka Arusha hadi Babati ni kilomita zipatazo 170, na X Plastaz walifanya jambo ambalo kijana wa mikoa hiyo aliweza kulielewa kuliko kijana wa Dar es Salaam: waliweka uimbaji wa Kimaasai wa Merege bega kwa bega na mistari ya Kiswahili ya Gsan, Ziggy na Faza Nelly. Kwa Mgorowa au Mwiraqw, ambaye lugha ya mama yake haikusikika redioni, hilo lilikuwa tangazo kwamba rap haikuhitaji kuomba ruhusa pwani.

Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Outhere Records ya Ujerumani. Miaka miwili baadaye, mwaka 2006, Faza Nelly aliuawa Arusha. Waliobaki hawakuacha sanaa. Gsan alichana kwa Kiswahili katika Tuzo za Hip Hop za BET za Marekani mwaka 2009. Sasa na iulizwe: nini kinachomuenzi Faza Nelly? Hata wenziwe wangetoa albamu kumi za kumlilia, hakuna hata moja ambayo ingekuwa na kile kilichomo katika albamu ya 2004, yaani Faza Nelly mwenyewe, akiwa na pumzi zake, akichagua maneno yake. Kijana wa Nakwa aliyezaliwa mwaka aliouawa Faza Nelly sasa ni mtu mzima. Huyo hahitaji kuambiwa kwamba marehemu alikuwa hodari. Anahitaji kumsikia.

Kwa hiyo kundi lolote linalotaka kurejea kwa jina la mwenzao aliyekufa lina kazi ya kwanza kabla ya kuingia studio: kuitafuta kazi yake ya zamani na kuirudisha sokoni ikiwa na majina kamili. Sehemu kubwa ya muziki wa kizazi kipya wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitoka katika kaseti. Kaseti huchakaa, na karatasi yake hupotea kabla yake. Wimbo uliotolewa katika kaseti na kupandishwa mtandaoni na mtu baki mara nyingi hubeba jina la kundi tu, au jina la mwimbaji wa kiitikio tu. Aliyetunga ubeti wa pili, akafa, hufa mara ya pili hapo.

Sheria haiko kimya katika jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi iliyotungwa na watu kadhaa kwa pamoja huhesabiwa miaka hiyo 50 tangu kufa kwa yule wa mwisho kati yao. Maana yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa watatu wametunga wimbo na mmoja akafa kijana, warithi wake wanabaki na haki katika wimbo huo kwa muda wote watakaoishi wenziwe, na nusu karne zaidi. Kwa macho ya sheria, aliyekufa hajatoka kundini. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na taasisi yake ya kuisimamia, COSOZA, kama Bara ilivyo na COSOTA. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni karatasi ya kuonyesha nani alitunga nini.

Hapa hujitokeza utetezi unaostahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba hesabu za mafungu ni mambo ya kigeni. Kwamba katika jadi za Kiafrika wimbo ni wa watu wote. Manyara kwenyewe upo ushahidi unaoonekana kuunga mkono dai hilo. Wairaqw wana slufay, maneno ya baraka na sala ambayo msemaji hutanguliza na waliomzunguka huitikia. Msemaji akifa, mwingine huyachukua maneno, na hakuna mjane anayedai malipo. Ni kweli. Ila hakuna anayeyauzia tiketi pia. Jadi iliyoyafanya maneno kuwa ya wote iliyafanya na manufaa yake kuwa ya wote. Anayechukua nusu ya kwanza ya jadi hiyo na kuiacha nusu ya pili hafuati mila. Anajifichia ndani yake.

Utetezi mwingine ni kwamba marehemu mwenyewe angependa iwe hivyo. Huenda. Marehemu hawezi kukanusha, na ndiyo sababu kauli hiyo haifai kusemwa na mwenye kunufaika nayo. Mercury aliacha sauti iliyorekodiwa kwa makusudi. Huo ni wosia unaosikika. Pasipo wosia, wa kuulizwa ni warithi, na waulizwe kabla ya jalada kuchapwa.

Pia husemwa kwamba vijana ni marafiki, na marafiki hawaandikiani mikataba. Lakini vyama vya taarabu vya Unguja vimewazika waimbaji wengi na kuendelea. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, imepita vizazi kwa kuwa ni chama, chenye uongozi na utaratibu unaojulikana. Urafiki haukuvunjika kwa kuwa na daftari. Kundi la vijana huwa halina daftari, na mmoja akifa, kilichobaki ni kumbukumbu za waliobaki, ambao kila mmoja hukumbuka zaidi alichofanya yeye.

Vijana watatu wa Nakwa wakienda leo mjini Babati kurekodi wimbo wao wa kwanza, hawatafikiria kifo, wala haifai wakifikirie sana. Wakate ukurasa mmoja wa daftari. Waandike jina la wimbo, tarehe, nani alitunga ubeti upi, nani alitunga kiitikio, nani alitengeneza mdundo, na kila mmoja ana fungu gani. Watie saini wote, na kila mmoja apeleke nakala nyumbani kwao. Na makundi yaliyokwisha kufiwa, kabla ya kutangaza albamu ya marejeo, yaende kwa mama au mjane wa marehemu na ukurasa wa namna hiyo, hata kama umeandikwa kwa kuchelewa. Wasioweza kufanya hivyo na waimbe wanachotaka, lakini picha ya marehemu waiache ukutani kwao, wasiiweke katika jalada.